Timu ya walimu katika shule ya kati ni nini?

Barua ya kwanza kutoka shule ya kati nchini Marekani, ile inayompokea mtoto akitoka shule ya msingi, mara nyingi humtaja kwa timu yake: yuko timu ya buluu, au timu 6B, au timu iliyopewa jina la ndege. Mzazi aliyesomea nchi nyingine huona hayo ni mambo ya michezo, akaiweka barua kando. Asiiweke. Katika shule hizi timu ni walimu wachache, wawili hadi watano hivi, wanaofundisha kundi moja la wanafunzi na kuwajibika kwa pamoja kwa kila mtoto wa kundi hilo. Watoto wote wa timu hupita mikononi mwa walimu haohao wa hisabati, sayansi, Kiingereza na maarifa ya jamii, na walimu hao hutengewa muda wa kukutana na kuzungumza habari zao. Ukilishika hilo, mengine ya shule hii hayakupi taabu: kwa nini ratiba iko vile, kwa nini somo moja linaingia ndani ya jingine, na umwendee nani mambo yakiharibika.

Utaratibu huu ulitokana na shida ya umri. Katika shule ya msingi mtoto ana mwalimu mmoja anayeshinda naye karibu siku nzima, anayejua kwamba leo amekuja amenuna na jana hakugusa chakula. Sekondari ni kinyume: mwalimu wa somo moja anaweza kuonana na vijana zaidi ya 100 kwa siku, kengele ikilia hawa wanatoka na wengine wanaingia. Katikati yupo mtoto wa miaka 10 hadi 14. Mwili unabadilika, marafiki wamekuwa ndio kila kitu, na bado daftari la jana hajui liko wapi. Mwaka 1909 mji wa Columbus, Ohio, ulifungua shule ya Indianola, ambayo mara nyingi hutajwa kuwa ya kwanza nchini humo kuwawekea watoto wa rika hili shule yao. Lakini shule za namna ile taratibu ziligeuka sekondari ndogo, kila somo na mlango wake, kila mwalimu na shughuli zake. Mwaka 1963 mtaalamu wa elimu William Alexander, akihutubia mkutano katika Chuo Kikuu cha Cornell, alipendekeza shule ya katikati itakayofuata mahitaji ya rika lenyewe. Halafu mwaka 1989 baraza la shirika la hisani la Carnegie lililochunguza makuzi ya vijana lilitoa ripoti iliyohimiza shule kubwa zigawanywe ziwe jumuiya ndogo, walimu na wanafunzi wakipangwa katika timu.

Hesabu yake ni nyepesi. Walimu wanne, wanafunzi 100, madarasa manne ya watoto 25. Kila mwalimu anafundisha somo lake mara nne, na siku ikiisha wote wanne wamewaona watoto 100 walewale. Pasipo timu, mwalimu angebaki na wanafunzi 100 vilevile, ila wangekuwa wametawanyika kwa walimu wengine kumi na kitu, na akitaka kuuliza habari za mtoto mmoja asingejua aanzie kwa nani. Kwa darasa la tano, timu nyingi ni za walimu wawili tu: mmoja ana hisabati na sayansi, mwenzake ana kusoma, kuandika na maarifa ya jamii, na katikati ya siku watoto hubadilishana vyumba. Vyumba vya timu moja aghalabu hupakana, mtoto mgeni asije akapotea kwenye jengo kubwa. Ziko pia shule ambako walimu husonga na watoto wao hadi mwaka wa pili, na mimi naona watoto wazito kuzoea watu hufaidika sana na mpango huo.

Kinachoifanya timu iwe timu kweli ni kipindi cha pamoja cha maandalizi. Watoto wakiwa kwenye muziki, sanaa au mazoezi ya viungo, walimu wao wote wako huru kwa saa hiyohiyo, na wanakaa meza moja. Tuseme anazungumziwa mtoto mmoja mtulivu, mwenye bidii. Mwalimu wa hisabati anasema alama zake zinashuka na kunakili hataki. Wa maarifa ya jamii anasema hata kwake daftari ni nusu tupu. Wa sayansi anashangaa, maana kwake mtoto huyu ni kati ya wanaofanya vizuri zaidi. Wa Kiingereza naye hana la kulalamikia. Wanaanza kulinganisha. Wa sayansi hugawa karatasi, wa Kiingereza hutumia kitabu. Wale wawili wengine huandika ubaoni, na mtoto amepangiwa kukaa safu ya nyuma. Basi, mtoto haoni! Siku hiyo nyumbani inapigwa simu kuhusu kupimwa macho, badala ya kutumwa barua kuhusu uvivu. Mwalimu mmoja peke yake, hata awe hodari vipi, angebaki na kipande chake cha habari na kukiamini.

Sasa mtaala. Marekani haina mtaala mmoja wa taifa. Kila jimbo huweka viwango vyake, yaani mambo ambayo mtoto anatakiwa kuyajua na kuyaweza anapomaliza darasa fulani. Wilaya ya elimu huchagua vitabu na programu. Walimu hupanga namna ya kuyafikisha darasani. Mwaka 2010 vilitolewa viwango vya pamoja vya Kiingereza na hisabati, na majimbo mengi yakavipokea, mengine baadaye yakavirekebisha au kuvibadilisha jina, na mengine, kama Texas na Virginia, hayakuvipokea kabisa. Kwa hiyo mkihamia jimbo jingine mtoto anaweza kukuta mada aliyokwisha kusoma, au kukosa ambayo wenzake wamemaliza. Waambieni walimu wa timu mapema. Lililo sawa kote ni sharti la kupimwa: sheria ya serikali kuu inataka wanafunzi wapimwe kusoma na hisabati kila mwaka kuanzia darasa la tatu hadi la nane, pamoja na sayansi katika baadhi ya madarasa.

Timu inaleta nini katika mtaala huo? Kwa kuwa walimu wanajuana ratiba na wanajua mwenzao amefika wapi, wanaweza kuchukua mada moja na kuipitisha katika masomo yote kwa wiki mbili au tatu. Chukua mada ya maji kwa darasa la sita. Kwenye sayansi watoto wanafuata safari ya maji kutoka baharini hadi wingu hadi ardhini, wanatengeneza chujio la mchanga, changarawe na mkaa, kisha wanabishana kwa nini maji yaliyotoka yanang'aa bado si salama kunywa. Hisabati ya darasa la sita ina uwiano, basi mwalimu anawapa bomba linalodondosha matone 20 kwa dakika. Kwa saa ni matone 1,200, kwa siku 28,800. Na tukichukulia kwamba matone 20 hufanya mililita moja, bomba hilo linamwaga mililita 1,440 kwa siku, karibu lita moja na nusu. Kwenye maarifa ya jamii wako Misri na Mesopotamia, wanauliza kwa nini miji ya kale ilishikamana na mito na nani alikuwa na mamlaka juu ya mifereji. Kwenye Kiingereza wanaandika barua kwa baraza la mji wakidai mabomba mabovu ya bustani yatengenezwe, na hoja zao lazima zisimame juu ya hesabu walizozifanya wenyewe chumba cha pili. Hapo kwenye barua ndipo ninapouona uzuri wa mpango huu. Mtoto aliyekuwa akiuliza "uwiano utanisaidia nini?" amepata jibu bila kuhubiriwa.

Wazazi wengi huingiwa na wasiwasi hapa: hisabati haitapunjwa? Ni swali la haki. Mada za namna hii huja mara chache kwa mwaka, na siku nyingine zote kila somo hufundishwa kwa mpangilio wake. Hisabati hasa haiwezi kurukwarukwa, maana somo la leo limekalia la jana. Mwalimu mzuri hukubali kuingiza uwiano kwenye mada ya maji ikiwa umefika wakati wake, na hukataa kama haujafika. Ukiona kazi ya mabango, rangi na gundi kwa wiki nzima na hujui mtoto amejifunza hesabu gani, uliza.

Kuna jambo la pili linaloitwa pia kujifunza kwa timu, na halipaswi kuchanganywa na la kwanza. Hili ni la wanafunzi wenyewe kufanya kazi kwa vikundi. Mbinu yake iliyopangika zaidi ilianzia chuo kikuu, kwa Larry Michaelsen wa Chuo Kikuu cha Oklahoma, mwishoni mwa miaka ya 1970, alipokabiliwa na darasa lililofurika. Mpango wake ni huu: kikundi kinadumu muhula mzima, mwanafunzi anasoma kabla ya kuja, anafanya jaribio fupi peke yake, kisha kikundi kinafanya jaribio lilelile pamoja na kubishana juu ya kila jibu, ndipo wanapewa tatizo la kutatua kwa kutumia walichosoma. Shule za kati huchukua vipande vya mbinu hii na kuvipunguza makali kulingana na umri.

Mpangilio huo unajibu lalamiko ambalo wazazi hulitoa kuliko mengine yote, kwamba mtoto mmoja anafanya kazi na watatu wanavuna alama. Lile jaribio la peke yake linaonyesha nani alisoma. Jaribio la kikundi linamlazimu aliyesoma kueleza, na kueleza kwa mwenzako asiyeelewa ni kazi ngumu kuliko kujibu. Mahali ambapo kikundi kinapewa tu mada na tarehe ya kukusanya, bila mtu kupimwa peke yake na bila wajumbe kutathminiana, lalamiko la wazazi lina msingi. Muulize mwalimu: katika alama hii ya kikundi, sehemu ya mwanangu ni ipi, na mmeijuaje? Mwalimu aliyejipanga atakujibu mara moja.

Kasoro za timu za walimu nazo zipo. Kubwa ni timu ya jina tu: shule imegawa watoto, imetundika mabango ya rangi ukumbini, lakini walimu hawana hata saa moja ya kukutana. Hiyo si timu, na mzazi ana haki ya kuuliza walimu wa mwanawe wanakutana mara ngapi kwa wiki. Walimu wa muziki, sanaa na mazoezi ya viungo mara nyingi hubaki nje ya vikao, kwa kuwa wao ndio wanaowashika watoto wakati wengine wanakutana, na inasikitisha, maana wapo watoto ambao uhodari wao unaonekana kwenye ngoma au kwenye rangi na si penginepo. Angalia pia watoto wanavyogawanywa. Hisabati ya kasi, yaani ya watoto waliotangulia wenzao, ikiwekwa kwenye timu moja pekee, ratiba itawavuta watoto wa darasa hilo upande mmoja, na bila mtu kutamka lolote itakuwepo timu ya wenye uwezo na timu ya waliobaki. Watoto huligundua hilo ndani ya wiki moja.

Mtoto kutenganishwa na rafiki yake ni uchungu wa kweli katika umri huu, lakini shule chache hubadilisha timu kwa sababu hiyo. Chakula cha mchana, basi la shule na michezo huwakutanisha tena.

Ukiwa na jambo, liandikie timu nzima, usimwandikie mwalimu mmoja. Unaweza kuomba kikao na walimu wote kwa pamoja, na kwa kuwa wana kipindi cha pamoja hilo si usumbufu kwao. Kikao huwa kifupi, kwa hiyo usianze na "anaendeleaje?" Waambie wakuonyeshe kazi yake ya wiki hii, ya kila somo. Uliza tabia fulani inaonekana kwa wote au kwa mmoja. Nawe ulete ya nyumbani: analala saa ngapi, analea wadogo zake jioni, kuna msiba, simu inakaa chumbani usiku. Walimu wanne wakiweka pamoja wanachokijua, bado hawana hicho ulicho nacho.

Kama Kiingereza chako si cha kutosha kwa mazungumzo ya namna hiyo, omba mkalimani unapopanga kikao, si siku yenyewe. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza shule zinazopokea fedha za serikali kuu kubagua kwa asili ya mtu, na kwa msingi huo shule zimetakiwa kuwafikishia wazazi taarifa muhimu kwa lugha wanayoielewa, pasipo malipo. Usimkubali mtoto mwenyewe awe mkalimani wa kikao kinachomjadili. Atakutafsiria yale anayotaka usikie, na hata akiwa mkweli utakuwa umembebesha mzigo usio wake. Sheria ya 1974 ya kumbukumbu za wanafunzi nayo inakupa haki ya kuona faili la mwanao ndani ya siku 45 tangu ulipoomba, na ukihisi ana ulemavu unaomzuia kujifunza unaweza kuiomba shule imfanyie tathmini. Maombi haya yote yaandike, uweke tarehe, na nakala ibaki kwako.