Kabla Hujaitupa Nta, Pima Kiungo cha Daraja

Swali limerudi tena: kama skana inasoma kinywa chote na mashine inachonga jino lenyewe, kwa nini shahada ya teknolojia ya meno bado inamkalisha mwanafunzi mezani akichonga magego kwa nta? Wanaouliza huwa wameshajijibu kwamba ni ukaidi wa wahadhiri wazee. Jibu hilo limenichosha, kwa sababu linamfikisha mwanafunzi maabara akiwa anajua kubonyeza vitufe na hajui anachokitazama.

Tuondoe jingine kwa haraka. Fundi sanifu wa meno si daktari wa meno. Hang'oi, hazibi, hachomi ganzi. Anapokea chapa (alama ya meno ya mgonjwa iliyonaswa kinywani) au skani pamoja na maagizo ya daktari, anarudisha krauni (kofia inayofunika jino), daraja (meno yaliyoungana yanayoziba pengo), meno bandia au kifaa cha kunyoosha meno.

Sasa nta. Gego la kwanza la juu lina vilele vinne, na kikubwa kuliko vyote ni kile cha mbele upande wa kaakaa. Kutoka hapo tuta linakatiza mshazari hadi kilele cha nyuma upande wa shavu. Gego la kwanza la chini lina vitano: vitatu upande wa shavu, viwili upande wa ulimi. Haya yanakaririka usiku mmoja. Mpe aliyeyakariri kisu na nta, utaona tuta amelipandisha palepale ambapo kilele cha jino la chini hupita taya linaposogea pembeni. Programu ya kubuni meno nayo huleta jino kutoka maktaba yake, jino la umbo la jumla ambalo halijawahi kutafuna katika kinywa hiki. Likigonga jino la upande wa pili, programu hulikata pale linapogonga, kilele kinabaki bapa, na skrini haionyeshi kosa lolote. Anayeliona ni yule aliyewahi kukijenga kilele hicho kwa nta, tone juu ya tone, akifunga na kufungua modeli ya taya mpaka meno yakutane vizuri.

Zirkonia, kauri ngumu ya kutengenezea meno, ndiyo inayowadanganya wengi. Huchongwa ikiwa laini kama chaki, kisha huokwa kwenye tanuri kwa nyuzi joto zinazokaribia 1500, na hapo husinyaa takriban 20% kwa kila kipimo: urefu, upana na kina. Kwa hiyo huchongwa ikiwa kubwa, kwa kizidishi kilichoandikwa kwenye kila diski, yaani bonge la zirkonia linalochongwa. Chukua diski ya 1.245, acha programu na kizidishi cha diski ya jana, 1.225. Krauni ya milimita 10 itachongwa kwa milimita 12.25, na ikitoka tanurini itakuwa na milimita 9.84. Umepoteza mikroni 160. Nafasi uliyoiachia saruji ya kubandika krauni kwenye jino ni mikroni 50 kila upande, yaani 100 kwa jumla. Krauni haitaingia, na mwanafunzi ataanza kulaumu skani ya daktari.

Ila kinachonikera kuliko vyote ni kiungo cha daraja, ile shingo inayoshikanisha jino na jino. Kwa daraja la zirkonia la magego matatu, wengi hutumia kiungo chenye eneo la mkato lisilopungua milimita 9 za mraba. Programu hupima eneo, ikitosha inapaka kijani, na mwanafunzi anaridhika. Lakini eneo si nguvu! Kiungo chenye upana wa milimita 3 (kutoka shavuni kwenda ulimini) na urefu wa milimita 3 (kutoka juu kwenda chini) kina eneo la 9. Chenye upana wa 4.5 na urefu wa 2 nacho kina 9. Vyote viwili ni kijani. Meno yanapotafuna hukandamiza kutoka juu kwenda chini, na uwezo wa kuhimili mkandamizo huo unafuata upana mara mraba wa urefu. Cha kwanza: 3 × 9, sawa na 27. Cha pili: 4.5 × 4, sawa na 18. Umeitupa theluthi nzima ya nguvu bila skrini kubadilika rangi. Kupinda ndiko kubaya zaidi, maana hapo urefu unahesabiwa kwa mchemraba: cha pili kinapinda zaidi ya mara mbili ya cha kwanza.

Kosa hili huzaliwa wapi? Fizi iko karibu, meno ya mgonjwa ni mafupi, mwanafunzi anakivuta kiungo kuelekea shavuni na ulimini mpaka namba itimie. Kwenye nta, kiungo chembamba hupinda ukikitoa kwenye modeli. Vidole vinapata habari kabla ya hesabu. Dawa yake ni kuongeza urefu kuelekea juu, huku ukiacha nafasi ya brashi chini. Isipowezekana, mpigie daktari simu kabla hujachonga.

Plasta na akriliki nazipita haraka. Plasta ngumu ya modeli, aina ya 4, hupimwa, gramu 100 kwa takriban mililita 22 za maji. Haikadiriwi kwa macho. Akriliki, plastiki ya meno bandia, ni ujazo 3 wa unga kwa 1 wa kimiminika, kisha maji ya nyuzi 74 kwa saa nyingi. Kimiminika chake huchemka karibu na nyuzi 100, na mmenyuko wenyewe hutoa joto. Ukiharakisha, sehemu nene hujaa matundu ndani.

Nakiri jambo moja ambalo mitaala hailisemi: si kila saa ya nta ina faida sawa. Kuchonga jino kubwa mara mbili, lililo peke yake, lisilokutana na jingine, kunafundisha subira zaidi ya ufundi. Ningezikata saa hizo nusu. Kumwaga dhahabu nako sioni sababu ya kukupa muhula mzima. Kobalti-kromu, aloi nyingine ya kumwagwa, ningeiacha ibaki, maana husinyaa zaidi ya 2% ikipoa, na anayejifunza kufidia msinyao huo kwa kupanuka kwa plasta ya kumwagia (ile inayotengeneza kalibu ya metali) hatashangazwa na kizidishi cha zirkonia.

Mwanafunzi anayetaka kujipima azime rangi za onyo, abuni daraja la magego matatu, aandike urefu na upana wa kila kiungo kwa kalamu, apige hesabu, kisha ndipo aziwashe tena.