Je, wajua kwa nini kamera ya mkanda iliyofichwa kabatini ndiyo huota ukungu?

Mjomba alinipa kamera yake ya Zenit-E mwaka jana. Ilikuwa ndani ya mkoba wake wa ngozi, mkoba umeviringishwa kwa kanga, na vyote vimewekwa chini kabisa ya kabati la nguo, nyumbani kwake Ngamiani. Aliitunza kama mboni ya jicho. Nilipoifungua lenzi na kuielekeza dirishani, niliona nyuzi nyeupe zimetambaa kutoka ukingoni kwenda katikati, zikichanua matawi kama mizizi ya mche. Kwanza nilidhani kioo kimepata ufa.

Kumbe ni kuvu, na kuvu ni kiumbe hai. Mbegu zake zinaelea hewani kila mahali, haziepukiki. Kinachoamua kama zitaota ni unyevu: hewa ikikaa muda mrefu na unyevu wa zaidi ya asilimia 60 hivi, zinaamka. Sisi wa Tanga tunaijua hewa hiyo. Wakati wa masika hata chumvi huloa ndani ya kikopo.

Kioo chenyewe si chakula cha kuvu. Inakula vumbi, mafuta ya vidole na mabaki ya grisi ya lenzi. Ubaya ni kwamba ikila hutoa asidi, na asidi hiyo huchimba ule utando mwembamba wa rangi uliopakwa juu ya kioo, kisha kioo chenyewe. Ndiyo maana ukichelewa, kuvu itafutika lakini alama yake itabaki.

Sasa rudi kwenye mkoba. Ngozi hufyonza unyevu na kuushikilia, nayo pia huliwa na kuvu. Ongeza giza na hewa isiyotembea, umeipatia shamba. Kamera inayobebwa kila siku hupigwa na jua na upepo, na mionzi ya jua huidhoofisha kuvu. Mjomba alikuwa akiifungia adui ndani, kwa mapenzi kabisa.

Kwa bahati Zenit-E, iliyoanza kutengenezwa Krasnogorsk karibu na Moscow mwaka 1965, haina betri ya kuvuja. Kipimo chake cha mwanga hupata umeme kutoka kwenye seleniamu, kitu kinachotoa umeme kikipigwa na mwanga. Kazi yangu ikawa lenzi tu.

Pete ya mbele yenye maandishi haina pa kutia bisibisi. Nilikata kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakivika kwenye kifuniko cha chupa kinacholingana na pete, nikakandamiza na kuzungusha taratibu kinyume cha saa. Ikaachia. Kila kipande nilichotoa nilikipiga picha kwa simu kabla ya kukiweka chini, maana kioo kikirudishwa kimegeuzwa, picha hazitatulia tena. Kuvu niliifuta kwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa, kwenye kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje. Usiloweke vioo, kwa sababu vingine vimegundishwa viwili viwili na gundi inaweza kuachia.

Wengi watakushauri uifukie kamera kwenye mchele, kama simu iliyoingia maji. Tafadhali usifanye hivyo! Mchele una vumbi la wanga, na wanga ni chakula kingine cha kuvu. Bora vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya. Viweke pamoja na kamera kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri, na uvibadilishe vikishashiba maji.

Mkoba wa ngozi nimemrudishia mjomba, ameutundika ukutani sebuleni. Kwenye lenzi imebaki alama moja ndogo karibu na ukingo. Katika picha za kawaida haionekani. Nikielekeza kamera kwenye jua la asubuhi kule Raskazone, ukungu hafifu hutanda pembeni mwa picha.