Ndimu Haipiki Samaki

Jikoni kwetu Lamu mgeni yeyote anaruhusiwa kupika cha kwao. Jioni sufuria zinapandishwa darini: tambi za Muitaliano, dengu za Mhindi, mukimo wa watu wa bara, na sisi wenyeji tunatia wali wa nazi na mchuzi wa papa. Sina neno na hayo. Neno ninalo na seviche, samaki mbichi wa Peru anayelowekwa kwenye ndimu.

Hakosekani mtu aliyewahi kupita Peru, au rafiki yake alipita, akaenda sokoni pale karibu na Ngome, akanunua jodari, akamkata vipande na kumkamulia ndimu. Kisha: “Dada, imeshaiva hii, tazama ilivyokuwa nyeupe.” Juzi nimeambiwa tena, safari hii na kijana wa Dar, mtoto wa pwani kama mimi!

Weupe si kuiva. Asidi hubadilisha umbo la protini kama moto ufanyavyo, ndiyo maana nyama inakuwa nyeupe na kukaza. Lakini moto unaua, ndimu inachagua. Vimelea vya kipindupindu havipendi asidi, kweli, na hapo ndipo wabishi hunishikia. Vingine vinaivumilia, na anisakis, minyoo inayojificha ndani ya samaki wa baharini, hukaa kwenye maji ya ndimu na kutoka mizima. Anayetaka kula mbichi agandishe kwanza: nyuzi 20 chini ya sifuri, siku 7. Friza yetu, kwa umeme unavyokatika, siiapii.

Hayo ya minyoo nayapitia haraka kwa sababu kinachonikera hasa ni jodari mwenyewe. Jodari, na nguru pia, akikaa kwenye joto, bakteria hugeuza histidini, kijenzi cha protini kilichomo kwenye nyama yake, kuwa histamini, kemikali inayomletea mlaji dalili kama za aleji. Ikishaingia haitoki. Ndimu haiitoi, friza haiitoi, na hata moto, ambao nimeusifu hapo juu, hauitoi. Unaweza kumkaanga mpaka awe mkavu kama kuni, bado mlaji uso ukamwiva, kichwa kikamgonga, mwili ukamtoka vipele, naye akasema ana aleji ya samaki. Pengine hana aleji yoyote. Ana samaki aliyezungushwa kwenye kikapu tangu asubuhi, mwenyewe akipiga picha punda.

Kuna jambo hatupendi kulisema mbele ya wageni. Sote tunachagua samaki kwa jicho lililojaa, mashavu mekundu na nyama inayorudi ukiibonyeza. Kwa histamini vipimo hivyo havitoshi. Samaki anaweza kuvipita vyote, bila harufu, na bado akakudhuru. Kinachofaa ni barafu tangu anapovuliwa. Na mimi sikuwemo chomboni. Muuzaji akisema ametoka baharini alfajiri na hajakosa barafu, namwamini kwa sababu nanunua kwake kila siku, si kwa sababu nimepima kitu.

Kwa hiyo jodari mbichi kwenye meza yangu hapana, hata mwenye kupika awe mzaliwa wa Lima. Mwenye hamu ya seviche achukue pweza, ambaye Peru kwenyewe wanamtumia. Mchemshe mpaka alainike, mkate, ndipo utie ndimu, kitunguu, pilipili na kotimiri. Ndimu nunua za kutosha, za jikoni wamezimaliza wenzio.