Mlio wa mgongo si pingili kurudi mahali pake

Ujumbe ule umerudi tena kwenye magrupu: "Pingili zimesagika? Ukinyooshwa mgongo ukasikia ko!, zimerudi, umepona." Si kweli.

Mlio huo ni wa gesi ndani ya ute wa kiungo, sawa na unapoalisha vidole. Jaribu: alisha kidole kimoja, kisha kirudie papo hapo. Hakilii, mpaka zipite kama dakika 20. Hakuna mfupa uliohama.

Kunyooshwa na mtaalamu aliyesomea kunaweza kupunguza maumivu sugu ya kiuno kwa kiasi, wala hilo silipingi. Ila diski (mto laini ulio kati ya pingili) iliyochakaa hairudi kuwa mpya kwa mikono. Tunachanganyikiwa kwa kuwa nafuu ni ya kweli, na picha ya mgongo inatisha. Mapitio ya tafiti ya 2015 yalikuta uchakavu wa diski kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20 wasio na maumivu yoyote. Kwa wa miaka 80, asilimia 96.

Tafadhali usiusambaze. Mwenye ganzi sehemu za siri, mkojo uliokataa au mguu unaolegea anahitaji hospitali leo hii, naye akiuamini ujumbe huo atabaki nyumbani akitafuta wa kumnyoosha.