Akondroplasia haitokani na kukosa kalsiamu

Nimeulizwa tena, na safari hii na mtu aliyesoma: mama wa mtoto mwenye akondroplasia, hali ya kuzaliwa nayo inayofupisha mikono na miguu, alikosa nini wakati wa ujauzito? Kalsiamu? Vitamini D? Hakukosa kitu. Swali hili linanichosha kwa sababu kila likirudi, kuna mwanamke anayebebeshwa lawama isiyo yake.

Upungufu wa vitamini D huleta matege: madini hayashiki na mfupa unakuwa laini. Mfupa wa mtu mwenye akondroplasia una madini yake sawasawa. Kilichopungua ni urefu, na urefu huamuliwa na gegedu, tishu inayonyumbulika ambayo hutangulia mfupa. Karibu na ncha za mifupa mirefu kuna bamba la ukuaji, ambamo seli za gegedu hugawanyika zikijipanga safu, kisha huvimba. Kuvimba huko ndiko kunakousukuma mfupa urefuke. Madini huja baadaye. Chukua kipande cha bamba la panya mwenye badiliko la jeni linaloleta akondroplasia, kitazame kwa hadubini: safu ni fupi, mpangilio umevurugika, na ukanda wa seli zilizovimba umekuwa mwembamba.

Chanzo kilijulikana 1994. Ni herufi moja iliyobadilika, nafasi ya 1138, katika jeni ya FGFR3, jeni ya kipokezi, yaani protini inayopokea ishara kwenye seli. Badiliko hilo hufanya asidi amino ya 380 ya kipokezi iwe ajinini badala ya glisini, pale kipokezi kinapopenya utando wa seli. Karibu kila mwenye akondroplasia ana badiliko hilohilo.

Hapa ndipo ninapokosa subira. Watu husema “jeni imeharibika”, na wakisikia hivyo huwaza pengo la kuzibwa kwa kitu fulani. Hakuna pengo. FGFR3 ni breki ya gegedu, na hapa breki imekamata kupita kiasi. Panya walioondolewa jeni hii kabisa, kazi iliyochapishwa 1996, mifupa yao ilirefuka kupita kawaida. Mwaka 2006 ikaelezwa familia ya watu warefu mno ambao FGFR3 yao imedhoofika. Ndiyo maana homoni ya ukuaji huwapa watoto hawa faida ndogo: unaongeza mafuta huku breki haijaachia.

Na kama ingekuwa lishe, ingechaguaje mifupa? Mifupa ya juu ya fuvu hujengeka bila kupitia gegedu, nayo hukua vizuri. Kitako cha fuvu hutokana na gegedu, nacho hubaki kifupi. Kwa hiyo paji la uso hujitokeza, katikati ya uso pakabonyea, na tundu ambamo ugwe mgongo, kamba ya neva itokayo kwenye ubongo, hupita likawa jembamba. Tundu hilo linaweza kuubana ugwe na kumkatiza mtoto pumzi akiwa usingizini. Mtoto mchanga apimwe usingizi mapema. Hilo ni la haraka kuliko urefu.

Takriban watoto 80 kati ya 100 wenye hali hii huzaliwa na wazazi wa kimo cha kawaida. Badiliko ni jipya, na karibu siku zote limetokea kwenye mbegu ya baba. Uwezekano hupanda kadiri umri wake unavyosogea. Baba naye hakutenda kosa lolote.

Sasa yale ambayo vitabu huyapitia kwa haraka. Huandikwa kwamba badiliko hufanya vipokezi viwili viungane bila kusubiri ishara. Vipimo kwenye utando vinaonyesha ongezeko la kuungana ambalo ni dogo kuliko maelezo hayo yanavyodai, na kuna ushahidi mwingine kwamba kipokezi hiki huchelewa kuondolewa na kuvunjwavunjwa. Mimi naamini yote mawili yapo, lakini uwiano wake haujanishawishi. Linalonisumbua zaidi ni saratani ya kibofu cha mkojo. Huko FGFR3 iliyobadilika huzihimiza seli zigawanyike. Kwenye gegedu huzizuia. Badiliko jingine la jeni hii, S249C, hupatikana sana kwenye uvimbe wa kibofu, na mtoto akizaliwa nalo huleta aina kali zaidi ya ufupi wa mifupa, ambayo kwa kawaida huua. Tunajibu kwamba “inategemea seli”, tunataja STAT1, protini inayopeleka ishara ndani ya seli, tunaendelea na slaidi inayofuata. Hilo si jibu kamili.

Dawa ya vosoritide, iliyoidhinishwa Ulaya na Marekani 2021, haikigusi kipokezi chenyewe. Inapita mlango mwingine, wa CNP, kichocheo cha asili cha mwili, na kuikata ishara ya FGFR3 ndani ya seli kwenye hatua ya RAF, protini mojawapo katika mnyororo wa ishara hiyo. Katika jaribio la watoto wa miaka 5 hadi 18, waliopewa dawa walizidi wenzao kwa takriban sentimita 1.6 kwa mwaka. Wapo wenye akondroplasia wanaosema kimo chao si ugonjwa wa kutibiwa, nami nawasikiliza. Ninachotaka kuona ni kama lile tundu la fuvu litapanuka, kwa maana viungio vya gegedu vya kitako cha fuvu huwahi kufunga, na dawa hii haina kazi palipokwisha kufunga. Marekani iliondoa kikomo cha umri wa kuanzia miaka 5 mwaka 2023, kwa hiyo sasa inawafikia watoto ambao viungio hivyo bado viko wazi.