Mwili wa ziwani si mumia

Kila inapotajwa meli Kamloops, mtu huandika kwamba baharia aliyemo ndani yake “amekuwa mumia”, yaani maiti iliyokaushwa isioze, na mwingine hudakia kuwa maji “yamemgandisha”. Yote mawili si kweli.

Meli hiyo ya mizigo ya Kanada ilipotea katika dhoruba Desemba 1927, karibu na kisiwa cha Isle Royale katika Ziwa Superior, Amerika Kaskazini. Wapiga mbizi waliikuta mwaka 1977, na katika chumba cha injini wakakuta mwili, mweupe, ungali na umbo la mtu. Kilindini mle maji hukaa karibu na nyuzi 4 za Selsiasi: baridi kali, lakini si barafu. Bakteria wa kuozesha huzorota, gesi ya kuuvimbisha mwili na kuuibua haitoshi, basi hubaki chini. Kwa maji na uhaba wa oksijeni, mafuta yake hugeuka kitu kama sabuni. Hiyo ndiyo nta ya maiti, au adiposere.

Sasa tazama majina. Mumia limetoka kwa Kiajemi mum, yaani nta. Waarabu wakaita mumiya ile lami iliyotumika kama dawa, na kwa kuwa maiti za Misri zilikuwa nyeusi, watu wakadhani zimepakwa lami hiyo, jina likazihamia. Mumiani yetu, dawa nyeusi kama gundi iliyokuja kuvumishiwa wanyonya damu, ni ya ukoo huohuo. Adiposere nalo lilitungwa na mkemia Mfaransa Fourcroy, katika karne ya 18, baada ya kuchunguza maiti zilizofukuliwa katika makaburi ya Innocents, Paris: Kilatini adeps, mafuta, na cera, nta. Majina yote mawili yana nta ndani yake, ila ni la pili tu linalosema kweli. Mumia wa Misri alikaushwa kwa magadi hadi maji yakamwisha mwilini. Wa ziwani asingegeuka nta bila maji.

Tena Kiswahili chenyewe kinatutega: maji baridi ni yasiyo na joto, na pia ni yasiyo na chumvi. Ziwa Superior ni baridi kwa maana zote mbili, na kila maana ina kazi yake. Ukosefu wa joto ndio unaozuia miili isioze upesi. Ukosefu wa chumvi ndio unaoziokoa meli za mbao, kwa sababu wale viumbe watoboao mbao baharini hawaishi humo.

Kwa hiyo ukimwandika baharia wa Kamloops, mumia liache kwa waliokaushwa, na kuganda kwa waliofunikwa na barafu. Yeye mwili wake umegeuka nta.