Kufuli kwenye gemu: yanayosemwa Moshi kuhusu kununua na kulipia kwa mwezi

Kijana mmoja wa Pasua aliniletea PS4, mashine ya gemu ya Sony, ndani ya begi lake la shule. Alikuwa ameinunua kwa mtu, imeshatumika, na sifa kubwa aliyopewa ni kwamba ndani ina gemu zaidi ya 30. Wiki tatu za mwanzo alicheza vizuri. Wiki ya nne akawasha, akakuta kila gemu ina kakufuli kadogo pembeni. "Fundi, imeingia kirusi," akaniambia. Nikaichomeka kwenye TV ya mezani, nikashika pedi ya kuchezea nikapita gemu moja baada ya nyingine. Kufuli, kufuli, kufuli. Hakukuwa na kirusi chochote. Aliyemuuzia alizipata gemu zile kwa kulipia PlayStation Plus, yaani usajili wa kulipia kwa mwezi au mwaka, na malipo yake yalikuwa yameisha.

Natengeneza na kuuza mashine za gemu hapa Majengo, na jambo hili linaniuma kwa sababu hela inayopotea mara nyingi ni ya mtu aliyejinyima. Hakudanganywa na kampuni. Ametegemea maneno ya mtaani ambayo kila mtu anayarudia na hakuna aliyeyapima. Nitayachukua yale ninayoyasikia zaidi.

"Gemu za kila mwezi ni za bure, ukishazichukua ni zako"

Hili ndilo lililomponza kijana wa Pasua. PlayStation Plus ilianza 2010, na tangu Juni 2022 imegawanywa madaraja matatu: Essential, Extra na Premium. Daraja la chini, Essential, linakupa gemu chache kila mwezi. Ukiziweka kwenye maktaba yako ndani ya mwezi huo, utaendelea kuzicheza hata miaka mitatu baadaye, ili mradi unalipa. Siku malipo yanapokatika, zote zinafungwa kwa pamoja. Ukilipa tena, zinafunguka. Hazikufutwa wala hazijawahi kuwa zako.

Extra ni habari nyingine, na hapa wengi wanachanganya. Ile ni kama rafu ya gemu mamia ambayo mwenye duka anaipanga upya anavyotaka. Gemu ikiondolewa rafuni, imeondoka hata kwa mtu ambaye hajawahi kuchelewa kulipa siku moja. Game Pass, usajili wa mashine za Xbox za Microsoft ulioanza 2017, inakwenda hivyo hivyo. Gemu maarufu ya GTA V imeingia humo na kutoka zaidi ya mara moja tangu 2020. Mtu yuko katikati ya hadithi, anaambiwa gemu inaondoka mwisho wa mwezi. Akitaka kumalizia, ainunue. Alichokwishacheza hakipotei, kimehifadhiwa, lakini mlango umefungwa.

"Kulipia kwa mwezi ni nafuu siku zote"

Mama mmoja mwenye duka la nafaka soko la Mbuyuni alikuja na mwanawe wa kidato cha pili. Baada ya shikamoo akaniuliza moja kwa moja: "Mwanangu anataka nimlipie ya mwaka mzima, anasema ni bei ndogo kuliko kununua. Ni kweli?" Nikamuuliza mtoto anacheza nini. Mpira. Na nini tena? Mpira tu. Anacheza na nani? Na kaka yake, sebuleni.

Tukachukua karatasi. Kwa bei za Marekani, ambazo ndizo wengi wetu tunakutana nazo kwa sababu akaunti zetu tumezifungua kwa nchi hiyo, Essential ya mwaka ilikuwa dola 59.99 hadi Septemba 2023, ilipopandishwa hadi dola 79.99. Extra ilitoka dola 99.99 ikafika 134.99. Gemu mpya kubwa ya PS5 kwa kawaida ni dola 69.99. Maana yake, mwaka mmoja wa Essential unazidi bei ya gemu moja mpya, na wa Extra unakaribia mbili. Kwa anayecheza gemu moja mwaka mzima, hapo hakuna unafuu.

Mtoto akasema, lakini mpira unatoka mpya kila mwaka. Kweli, EA Sports FC inatoka kila Septemba. Lakini ikishatoka mpya, diski ya mwaka uliopita inashuka bei vibaya sana, na kwa ndugu wawili wanaopigana sebuleni tofauti kubwa ni jezi na majina ya wachezaji waliohama. Nikawaambia pia kwamba kwenye PlayStation, gemu ya kununua ukitaka kuicheza na watu wa mbali kwa kawaida lazima ulipie Plus juu yake, iwe ya diski au ya kushusha mtandaoni. Kwa gemu za bure kama eFootball na Fortnite sharti hilo halipo. Mama akachukua diski ya msimu uliopita na pedi ya pili. Hela ya pedi ilitoka kwenye ile iliyotaka kwenda kwenye usajili.

Sisemi usajili ni ubaya. Nina mteja anasoma chuo cha Ushirika. Likizo ikifika analipia Extra mwezi mmoja, anamaliza gemu tatu nne za hadithi, kisha anasitisha. Kwa mtu wa namna hiyo kununua kila gemu kungekuwa hasara, maana ni mtu wa kumaliza na kuhama. Ila ana nidhamu moja ambayo wengi hawana: siku ile ile anapolipia anaingia kwenye mipangilio na kuzima malipo ya kujirudia. Mwezi wake unabaki kamili, kadi haikatwi tena bila yeye kujua. Usipofanya hivyo, mwezi wa shule unakatwa kama mwezi wa likizo.

Hesabu yenyewe nayo hairuhusu kusema "siku zote", kwa sababu bei ya kukodi iko mkononi mwa mwenye nyumba. Game Pass Ultimate, daraja la juu la ule usajili wa Xbox, ilikuwa dola 19.99 kwa mwezi huko Marekani. Oktoba 2025 ikawa 29.99. Ukiwa umenunua gemu, hakuna anayekuja kukuongezea bei ya kile ulichokwishalipa.

Na bando. Hili watu wanalisahau kabisa. Gemu ya usajili haiji na hewa, inashushwa, na nyingi za sasa zina GB 50 hadi zaidi ya 100. Anayetumia bando la simu apige hesabu hiyo kwanza, kabla hata ya dola. Nimewaona watu waliolipia mwezi mzima wakashusha gemu mbili tu, kwa sababu bando liliisha kabla ya hamu.

"Nikinunua mtandaoni ni yangu, kama nilivyonunua kiti"

Natamani ingekuwa hivyo. Unapobonyeza "nunua" kwenye duka la PlayStation, au Steam ambalo ni duka la gemu za kompyuta, unachopewa ni leseni, yaani ruhusa ya kutumia. Kiti unaweza kumuuzia jirani au kumwachia mwanao. Gemu ya kushusha huwezi kuiuza, na ipo pale ambapo akaunti yako ipo. Akaunti ikifungwa, nayo imekwenda.

Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2024, ikaanza kutumika Januari 2025, inayozitaka duka za mtandaoni zimweleze mnunuzi waziwazi pale anapopata leseni tu. Steam ilianza kuweka maelezo hayo kwenye ukurasa wa kulipia Oktoba 2024. Hawakubadilisha kitu chochote siku hiyo. Ndivyo ilivyokuwa miaka yote, sasa tu wamesema.

Mfano unaouma zaidi ni The Crew, gemu ya magari ya Ubisoft iliyotoka 2014. Ilihitaji seva, yaani kompyuta kuu za kampuni, hata kwa mtu anayecheza peke yake. Tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa na gemu ikafa, hata kwa aliyeilipia bei kamili. Hapo ndipo Ross Scott, Mmarekani, alipoanzisha kampeni ya Stop Killing Games, na ombi lake kwa Umoja wa Ulaya likavuka saini milioni moja Julai 2025. Watu hao hawaombi gemu za bure. Wanaomba kitu walichonunua kisizimwe.

Hata hivyo, kuna wanaovuka mpaka na kusema basi kununua na kukodi ni sawasawa, yote ni kukodi. Hapana. Nintendo ilipofunga mauzo ya duka la mtandaoni la mashine zake za zamani, Wii U na 3DS, Machi 2023, waliokwishanunua waliendelea kuweza kushusha gemu zao. Mtu aliyenunua gemu ya PS4 ya kushusha mwaka 2014, isiyohitaji seva, mara nyingi bado anaicheza leo bila kulipa senti ya pili. Aliyelipia usajili tangu mwaka huo na akaacha jana, leo hana kitu. Tofauti hiyo ni kubwa, na kwa mtu wa kipato cha kubahatisha ndiyo tofauti yenyewe. Na kwenye kompyuta ipo GOG, duka linalokupa faili zima la kusakinisha lisilo na kufuli. Unaliweka kwenye hard disk yako, linafanya kazi bila kuuliza mtu.

Kwetu liko moja zaidi. Tanzania haimo katika nchi zinazohudumiwa rasmi na mtandao wa PlayStation, kwa hiyo mtu anayefungua akaunti hapa Moshi anachagua nchi nyingine. Ukishachagua, nchi haibadilishwi. Vocha ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza. Mei 2024, Helldivers 2, gemu ya Sony, iliondolewa sokoni kwenye Steam katika nchi zaidi ya 170 kwa sababu hiyo ya mtandao wa PlayStation kutokuwepo huko. Hivyo ununuzi wetu wa mtandaoni unasimama juu ya akaunti ya nchi tusiyoishi. Kabla ya kuweka hela nyingi humo, ujue hilo.

"Basi diski, haina haja ya intaneti"

Mimi mwenyewe ni mtu wa diski na nitaitetea. Ukiichoka unaiuza, unabadilishana na mwenzako wa Njoro ukaongeza kidogo, unamwazima binamu. Hakuna leseni ya kushusha inayokupa hayo. Lakini hiyo The Crew iliuzwa kwenye diski pia, na diski zake leo ni za kuwekea kikombe cha chai. Gemu nyingine zinakuja na sehemu tu ndani ya diski, zilizobaki unashusha. Na PS5 za kuanzia mwisho wa 2023 zenye kisoma diski kinachochomolewa, kile kisoma diski lazima kisajiliwe kwa intaneti mara ya kwanza, la sivyo hakifanyi kazi.

Niliwahi kuletewa PS4 kutoka Rombo, ilikaa kabatini muda mrefu bila kuchomekwa umeme. Inawaka, inasoma diski, jina la gemu linatokea, ukibonyeza inakataa. Mwenyewe alishakata tamaa, anaamini lenzi imekufa. Nikaifungua. Ndani ya PS4 kuna kabetri ka duara, CR2032, kale kale ka kwenye rimoti za magari, kanakotunza saa mashine ikiwa imezimwa. Nikaweka mita: kamekwisha. Mashine ile haikuwa imesasishwa miaka, na kwa programu za kabla ya toleo la 9.00, lililotoka Septemba 2021, PS4 iliyopoteza saa na isiyo na intaneti ilikataa kufungua hata gemu ya diski. Nikabadilisha betri, nikaiunganisha na simu yangu ijue saa, nikaisasisha, diski ikafunguka mbele yake. Lenzi ilikuwa nzima muda wote. Kama una PS4 unayoipeleka kijijini kwenye intaneti ya shida, isasishe ukiwa mjini.

"Nunua akaunti ya mtu, ni bei chee"

Hapa sitakaa sana. Masharti ya duka hayaruhusu akaunti kuuzwa. Aliyekuuzia anajua barua pepe iliyofungulia, na siku akitaka anabadilisha neno la siri, wewe ubaki na TV. Huna risiti, huna wa kumlalamikia.

Yule kijana wa Pasua sikuweza kumrudishia gemu zake 30, kwa sababu hazikuwahi kuuzwa. Nilimwondolea akaunti ya aliyemuuzia, nikamfungulia yake mwenyewe, nikamwekea eFootball kwa intaneti yangu, akaondoka na diski moja aliyochagua kwenye kreti la mitumba.

Tangu siku hiyo siuzi mashine iliyotumika kabla ya kufanya jambo moja mbele ya mnunuzi. Nazima mpangilio unaowaruhusu wengine kwenye mashine kucheza gemu za akaunti ya zamani, nafuta akaunti yenyewe, kisha nampa mnunuzi pedi ajaribu gemu moja moja. Zinazofunguka ndizo anazonunua. Mara nyingi ni zile tu ambazo diski zake ziko mezani, na bei tunaanza kuipanga hapo.